Mafiga ya Milembe

Prudencia ndiye aliyelipia safari ile, na alipomweleza mama mkwe wake alisema kwa haraka, kama mtu anayetaja jambo lililokwisha kuamuliwa na wengine. Jumamosi saa mbili asubuhi boti ingeondoka Capri Point, Mwanza. Wangezunguka visiwa viwili, anayetaka kuoga angeoga, wangeingia kwenye mapango, wangekula samaki ufukweni, na saa saba mchana wangekuwa mjini. Nusu siku tu. Shigela, mume wake, alikuwa zamu Geita na asingevuka daraja la Busisi kurudi nyumbani mpaka Jumapili. Wangekwenda wao wawili.

Odeta alikubali kwa kuwa hakuona sababu ya kukataa. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mjane, amehamia Buhongwa kwa mwanawe mwaka uliotangulia baada ya magoti kuanza kumsumbua, na tangu ahamie mkwewe hakuwahi kumwomba kitu. Prudencia alikuwa Mhaya wa Muleba, mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu wa maneno machache anayefanya kila jambo kwa wakati wake. Waliishi vizuri. Shida, kama ilikuwepo, ilikuwa ile ambayo hakuna aliyeitaja ndani ya nyumba: ndoa imeingia mwaka wa saba bila mtoto. Wake wa binamu zake Shigela waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama huyu na Mama yule. Yeye aliitwa Mwalimu. Mwezi wa pili walifika wazee wawili wa ukoo kutoka Magu, wakanywa chai, wakamvuta Shigela kando na kumuuliza kama hajafikiria kuongeza nyumba, yaani kuoa mke wa pili. Odeta alikuwa jikoni, akasikia yote, asiseme kitu. Prudencia naye alikuwa jikoni.

Boti ilikuwa nyeupe, ya injini moja, yenye turubai la kukinga jua. Nahodha aliitwa Masele, mtu mnene aliyeitikia salamu kwa kutikisa kichwa tu. Maneno yote alimwachia mwongozaji wake, Mayala, mwanaume wa miaka thelathini na kitu mwenye sauti ya mshereheshaji wa harusi. Mayala aliwavalisha abiria majaketi ya kujiokolea, akamfungia Odeta mikanda kwa mikono yake na kumwamkia shikamoo mara ya pili, kwa kuwa ya kwanza ilimezwa na injini. Abiria wengine walikuwa mume na mke wa makamo kutoka Dodoma, waliofika Mwanza kwa mahafali ya mtoto wao na sasa walitaka kuona ziwa kabla ya kurudi.

Asubuhi ilikuwa tulivu. Ndege waitwao wanandi walitua juu ya majabali yaliyochomoza majini, wametandaza mabawa kuyakausha, wala hawakuruka boti ilipopita karibu. Kisiwa cha kwanza kilikuwa na mchanga mwembamba na pimbi wengi. Mume wa Dodoma alivua viatu, akaingia maji ya magotini, akapigwa picha na kutoka. Prudencia hakushuka. Alikaa ameshika mkoba wake mapajani kwa mikono miwili na kumuuliza Mayala kwa sauti ndogo kama pango liko kisiwa hiki au kinachofuata. Kinachofuata, alijibiwa. Kinaitwa Kisiwa cha Mama.

Jina hilo halikumwambia Odeta chochote. Alipokitambua kisiwa kilikuwa kimeshafika karibu sana, na alichokitambua ni jabali. Lilikuwa refu kama nyumba, limepasuka kuanzia juu mpaka kwenye maji, na ndani ya ufa mti wa mkuyu umeshika mizizi. Utotoni mwake mti ule ulikuwa mche. Nyumbani kwao, kijiji cha ufukweni upande wa Kayenze, kisiwa hiki hakikuwa na jina la heshima. Watu walisema tu "kule kwenye mawe", na waliposema hawakukiangalia. Miaka hamsini na nne ilikuwa imepita tangu akiangalie yeye.

Masele alizima injini, akaisogeza boti kwa kafi mpaka kwenye ufa. Maji yalikuwa yameingia ndani kuliko zamani, hivyo wakapita wakiwa wameketi, wameinamisha vichwa. Baada ya hatua kama kumi pango lilipanuka, boti ikagusa mchanga, wakashuka. Palikuwa na ubaridi na harufu ya popo. Mwanga uliingia kwa juu kupitia tundu moja. Mizizi ya mkuyu iliyoning'inia ukutani ilikuwa imefungwa vitambaa, mamia ya vitambaa, vingine vipya na vingine vimeoza, na chini yake kulikuwa na mishumaa, sarafu na mwanasesere wa plastiki asiye na mkono. Katikati ya mchanga kulikuwa na mawe matatu yenye ukubwa wa kichwa cha mtu, yamezungushiwa kokoto nyeupe.

Mayala alisubiri watu watulie, kisha akasimulia. Zamani, kabla ya wakoloni, mwanamke alitoka ziwani usiku wa mwezi mpevu akaja kukaa humu. Aliolewa na chatu wa majini, akamzalia watoto watatu kwa mkupuo mmoja. Watu wa bara wakawaonea wivu watoto wale, wakaja kuwaiba, na mama, asione pa kuwaficha, akawageuza mawe. Ndio hawa. Yeye mwenyewe alirudi majini, lakini hakuwasahau. Kwa hiyo mwanamke yeyote aliyekosa mtoto akifika hapa akafunga kitambaa, akachota maji kwa kiganja, akagusa mawe yote matatu na kusema haja yake moyoni, Mama humsikia. Mayala alisema amewaona kwa macho yake wanawake wakirudi mwaka unaofuata na watoto mgongoni.

Mke wa Dodoma alicheka kidogo, akasema wa kwake wanne wanatosha. Prudencia alifungua mkoba na kutoa kipande cha kanga kilichokunjwa vizuri. Odeta alikiona kwenye mwanga wa tundu. Kilikuwa kimeshonwa pindo pande zote nne kwa mkono, mishono midogo iliyolingana, kazi ya jioni kadhaa.

"Mama, nimulikie," Prudencia alisema bila kumtazama, akampa simu.

Odeta alimulika. Mkwewe alifunga kitambaa kwenye mzizi, akachota maji, akapiga magoti, akagusa jiwe la kwanza, la pili na la tatu. La tatu lilikuwa jeusi upande wa ndani. Odeta alijua kwa nini, naye aliendelea kushika simu mpaka Prudencia aliposimama na kupangusa mchanga kwenye sketi.

Samaki waliliwa upande wa pili wa kisiwa, kwenye ufukwe mpana kuliko ule wa kwanza. Masele alichoma sato juu ya wavu wa chuma, akawagawia kwa ugali na pilipili. Watu wa Dodoma walichukua sahani zao na kwenda kuketi kivulini mbali kidogo. Odeta na Prudencia walikaa kwenye gogo. Kwa muda mrefu Prudencia alichambua samaki bila kumla.

"Usimwambie Shigela," alisema hatimaye.

"Simwambii."

"Najua ni ujinga, mama. Mimi nafundisha watu hesabu. Nimepima hospitali mbili, na yeye amepima, wote wanasema tuko wazima. Sasa mtu akishaambiwa ni mzima, afanye nini tena?"

Odeta angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikuwa akikujua vizuri, na kulikuwa kumemfikisha hapa alipo bila kugombana na mtu. Alimaliza tonge lililokuwa mkononi, akanawa kwa maji ya chupa.

"Yale mawe ni mafiga," alisema. "Aliyeyapanga ni baba yangu."

Kisha akasimulia, kwa sauti ileile ambayo angeelezea njia ya kwenda sokoni. Baba yake alikuwa na dada aitwaye Milembe. Milembe aliolewa Misungwi, akakaa huko miaka minane asipate mtoto, na mwaka wa tisa mumewe akamrudisha na kudai ng'ombe wake wa mahari, wakarudishwa. Akaishi kwao, uani kwa kaka yake, akilima na kutwanga na kubeba watoto wa wenzake. Kiangazi kimoja mdogo wake Odeta, mtoto wa miezi mitano, alishikwa na homa na kufa. Wazee walikaa. Walisema mwanamke asiye na mtoto ana jicho kwa mtoto wa mwenzake. Wakataka kujua ni nani alimbeba marehemu siku moja kabla ya homa, na kwa kuwa watu wazima kila mmoja alikuwa na lake, wakamuuliza mtoto. Odeta alikuwa na miaka tisa. Alisema, shangazi.

Hawakumwua, ingawa wapo waliotaka. Baba yake aliwaomba, akamleta kwa mtumbwi kisiwani. Alimpangia mafiga, akamwachia chungu, jembe na gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kila baada ya wiki mbili tatu alimpelekea chakula, na mara nne alikwenda na Odeta ili watu wafikiri wanakwenda kutega nyavu. Milembe alimsuka nywele katika safari zote nne. Hakumuuliza kitu. Baadaye mama yake Odeta akasema unga wa nyumba hauwezi kulisha aliyeua mtoto wa nyumba, kwa hiyo baba achague, na mvua za masika nazo zikaanza, zenye upepo. Baba hakwenda mwezi mmoja, wala wa pili. Walipokwenda, pango lilikuwa tupu. Majivu yalikuwa yameshalowa. Chungu kilikuwa kimeoshwa na kugeuzwa mdomo chini juu ya mafiga. Baba alisema amezama. Tangu hapo hakuna aliyemtaja.

Prudencia alikuwa ameiweka sahani mchangani.

"Kwa hiyo nimekwenda kumwomba mtoto mtu aliyefukuzwa kwa kukosa mtoto."

"Ndiyo."

"Na kweli alimbeba huyo mdogo wako?"

"Alimbeba. Na mimi nilimbeba, na mama, na jirani. Wao waliuliza nani kambeba, wakawa wananiangalia. Nikataja mmoja."

Odeta alingoja mkwewe amwambie kwamba alikuwa mtoto tu, hakujua. Ndivyo mtu yeyote angesema, na yeye mwenyewe alikuwa amejiambia hivyo mara nyingi. Prudencia hakusema hivyo. Alitazama maji, ambayo sasa yalikuwa yameanza kukunjamana kwa upepo wa mchana.

"Wale wazee wa Magu walipokuja ulikuwa jikoni," alisema. "Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nangoja useme kitu."

"Najua."

"Hata neno moja tu, mama."

Mikono ya Odeta ilitaka kazi. Alichukua sahani ya Prudencia akaiweka juu ya yake. Hasira haikuwamo katika sauti ya mkwewe, na hilo ndilo lililomkaa kifuani, kwa maana aliona kwamba hasira ilikuwepo wakati fulani na imekwisha, na yeye hakuiona ilipokuja wala ilipoondoka.

Masele aliita kwamba upepo unaongezeka. Wakati watu wa Dodoma wanatafuta viatu vyao, Odeta alimfuata Mayala aliyekuwa anazima moto kwa mchanga, akamwambia jina la mwanamke wa pangoni, na kwamba hakuolewa na chatu wala hakuzaa, na kwamba yale mawe yalipikiwa ugali. Alimwambia kwa upole, kama anavyosahihishwa mtoto wa jirani. Mayala alimsikiliza hadi mwisho huku akitupia jicho abiria wake wengine. Alisema hakuitunga yeye hadithi ile. Aliikuta kwa mwongozaji aliyemtangulia, na watu wanatoka mbali kwa ajili yake, wengine wanalia mle ndani na kutoka wamepata nguvu. Asingependa kumkosea mtu. Kisha akasita, koleo mkononi.

"Mwaka gani huo, mama?"

Odeta alimtajia mwaka.

Mayala alisema babu yake mzaa mama alikuwa Mkerewe wa Nansio, mvuvi wa dagaa, na alipenda kuhadithia kwamba katika masika moja ya siku zile waliona moshi kisiwani wakati wanakimbia dhoruba, wakamkuta mwanamke peke yake. Walimpa lifti mpaka Nansio. Alibaki hukohuko, akawa anakausha samaki mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotua.

Odeta alimtazama usoni. Mbele yake alikuwa mtu ambaye saa mbili zilizopita alimwoza mwanamke kwa chatu bila kupepesa macho.

"Alikuwa na alama gani?"

"Hapo sijui, mama. Babu hakusema, na mimi sikumuuliza. Ameshafariki."

Angetaja alama yoyote, kovu au pengo, Odeta asingemwamini. Kwa kuwa hakutaja, alirudi botini na maneno yale, akayakalia kimya. Mawimbi yaliwarushia maji njia nzima. Mke wa Dodoma alifumba macho na kusali rozari. Karibu na Mwanza, Prudencia aliinama na kumuuliza mama mkwe wake sikioni kile mwongozaji alichosema, naye akamwambia chote.

"Kitambaa changu nimekiacha," Prudencia alisema. "Kibaki tu."

Jumapili Shigela alipofika kutoka Geita, Odeta alimngoja ale, kisha akamwomba ampigie simu mzee mkubwa kati ya wale wawili wa Magu na aiweke sauti nje, wote wasikie. Alimwamkia shemeji yake, akamuulizia hali ya ng'ombe na ya mvua. Halafu akamwambia kwamba lile suala walilokuja nalo mwezi wa pili limefika kwake, na kwamba maadamu yeye yuko hai halitazungumzwa tena katika nyumba hii, si mbele ya Prudencia wala nyuma yake. Mzee alisema mji umewaharibu wanawake. Odeta alisema inawezekana, akamtakia jioni njema. Shigela alikaa na simu mkononi, akimwangalia mama yake kama mgeni. Prudencia alikuwa mezani anasahihisha madaftari. Aliendelea kusahihisha, lakini kalamu ilisimama ukurasa mmoja kwa muda mrefu.

Mtoto hakupatikana mwaka ule. Hadi leo hajapatikana, na wanaishi.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita mwaka uleule, wanawake hao wawili walipanda kivuko kwenda Nansio. Kwa siku nzima waliuliza sokoni na mwaloni, wakapewa majibu mengi ya watu wasioweza kukiri kwamba hawajui. Siku ya pili, karibu na adhuhuri, muuza dagaa aliwaelekeza kwa bibi mmoja aitwaye Teodora, nyumba ya bati la bluu nyuma ya kanisa.

Teodora alikuwa na miaka themanini na masikio mazuri. Milembe alimfahamu, tena sana. Walikausha samaki kichanja kimoja miaka ishirini, na miaka ishirini hiyo waligombana karibu kila siku, kwa kuwa Milembe alikuwa na kauli kali na alipenda moto mdogo wakati wengine wanataka mkubwa. Aliishi na seremala mjane mpaka seremala alipokufa. Watoto hakuwa nao. Yeye mwenyewe alikufa kwa kifua, miaka zaidi ya ishirini iliyopita, na waliomzika ni wanawake wa mwaloni.

"Hakuwahi kutaja kwao?" Prudencia aliuliza.

"Tulimuuliza mwanzoni. Alisema hana kwao." Bibi aliwatazama kwa zamu. "Ninyi ni nani wake?"

Prudencia alimwachia mama mkwe wake ajibu.

"Mimi ni mtoto wa kaka yake," Odeta alisema. "Nilimsingizia nikiwa mdogo, akafukuzwa."

Teodora alilitafakari hilo bila haraka. Hakumlaumu wala hakumfariji. Alichukua fimbo yake, akawapeleka nyuma ya nyumba, kupita zizi la mbuzi, mpaka kwenye shamba la mihogo. Kaburi lilikuwa tuta la chini lililoota nyasi, na kama asingeonyesha kwa fimbo wangelikanyaga.

Odeta alijaribu kupiga magoti, yakamkatalia, akaketi chini na kuanza kung'oa nyasi akiwa ameketi. Prudencia aliweka mkoba pembeni na kuanzia upande wa pili. Nyasi zilikuwa na mizizi mirefu na kazi ilichukua zaidi ya saa moja. Walipomaliza, Teodora aliwaletea maji ya kunawa kwenye beseni, akauliza kama wanawahi kivuko cha jioni au watalala.

Odeta alisema watalala.